Maduara Sitini na Moja

Kila asubuhi binti alimwinua baba yake kitandani kwa kumvuta mkono wa kulia. Ndio mkono uliopooza, naye alidhani ndio unaohitaji msaada. Kila asubuhi mzee alilia. Binti alikimbilia jikoni kuleta supu, na mzee alifumba mdomo.

Baba alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno mengi na utani usiokwisha. Kiharusi kilimnyang'anya sauti na upande mzima wa kulia. Kusikia alisikia, na akili zake zilikuwa timamu, ila neno halikutoka.

Binti alikuwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Wenzake walimwita Mama Orodha, maana kwake hata msumari mmoja haukulala bila kuandikwa. Basi akafanya alivyozoea. Aliandika mambo kumi ambayo baba angeweza kuyataka au kuyalalamikia: maji, supu, redio, blanketi, njaa, maumivu ya mkono na mengine. Kwa kila jambo akatia alama kwenye safu za sifa zake: cha moto, mdomoni, kula au kunywa, ndani ya nyumba, mwilini. Safu zikafika kumi na nne. Mambo yenye alama za pamoja aliyatia katika duara moja, akaunganisha maduara kwa mistari, makubwa juu, madogo chini. Kwa kuwa jambo moja liliingia katika maduara mengi, yakatoka maduara sitini na moja. Akaibandika karatasi ukutani.

"Baba, nionyeshe tu kwa kidole."

Kidole cha kushoto kilitangatanga, kikachoka, kikaanguka. Siku ya kumi na moja ya kumtunza, mzee aliipa karatasi mgongo, akakataa hata maji. Binti akakaa sakafuni, akalia kwa kwikwi.

Nesi wa mtaa alimkuta hapo hapo.

"Dada, nimeshindwa," binti akasema. "Baba analia kila asubuhi, anakufa huku ananitazama, na sijui anataka nini."

Nesi akaisoma karatasi. "Pole sana. Lakini hapa umemletea mgonjwa stoo nzima." Akafunika safu moja kwa rula. "Hii ya 'ndani ya nyumba'. Nikiificha, kuna mambo mawili yaliyokuwa tofauti ambayo sasa yanafanana?"

Binti akakagua. "Hamna. Yote yamo ndani."

"Basi itoe. Na hii ya 'mdomoni'?"

"Inafanana na ya kula na kunywa, alama kwa alama."

"Moja inatosha."

Wakafunika safu ya moto. "Hapo supu na maji vimechanganyika!" binti akasema.

"Basi irudishe. Safu inayotenganisha hatuitupi."

Wakaendelea hivyo safu kwa safu, wakaichora karatasi upya; zikabaki safu nne na maduara kumi na mawili. Mambo yote kumi yalikuwamo, kila moja mbali na mwenzake.

"Na kilio cha asubuhi umekiweka wapi?" nesi akauliza.

"Kwenye njaa."

"Una hakika? Mwenye maumivu halii?"

Binti akachukua kalamu.

"Dalili moja, sababu mbili. Lenye hakika liweke kwenye hakika. Lisilo na hakika liweke kwenye labda, halafu muulize mwenyewe."

Wakamgeuza mzee, wakamuuliza analilia nini. Kidole kikagusa "mwilini", kikashuka hadi "maumivu ya mkono". Kisha kikaiacha karatasi, kikamwelekea binti.

"Mimi, baba? Mimi ndiye ninayekuumiza?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mkono uliopooza hauvutwi, unaumiza bega," nesi akasema. "Mlaze ubavu, mshike mgongoni, mwinue kutokea hapo. Njoo nikuonyeshe."

Asubuhi iliyofuata mzee hakulia. Alikunywa supu nusu bakuli. Sauti haikurudi, na nesi hakuwaahidi kwamba itarudi. Binti alishika bakuli, machozi yakimtoka.

"Siku kumi na moja nimekuvuta mkono huo, baba. Nisamehe."

Kidole kikaenda kwenye "supu", kisha kikamwelekea yeye.

"Labda unataka nyingine?"

Mzee akatikisa kichwa kukataa.

"Ninywe mimi?"

Akaitikia. Binti akachukua kijiko, akanywa nusu iliyobaki.