Mke Mwenza Ndani ya Kamera

Kamera ilikuwa bado imevaa kifuniko chake cheusi, na darubini ilikuwa haijaelekezwa popote, lakini kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na rangi. Muris aliinama akaitazama. Ulikuwa wekundu hafifu, kama ule unaouona ukiziba tochi kwa kidole, nao ulitanuka na kunywea taratibu, kama kitu kinachopumua.

"Vumbi hilo," alijiambia, ingawa alijua vumbi halipumui.

Akachomoa waya, akauchomeka tena. Wekundu ukatoweka. Akatoa kifuniko, akaitafuta Mshtarii juu ya msitu wa misonobari, na mara ile sayari kubwa ikajaa kwenye kioo na mikanda yake ya rangi ya maziwa na kahawa. Akasahau.

Kilichotangulia jioni hiyo ni hiki. Muris alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha mbao kule chini, kwenye mto Krivaja. Nyuma ya nyumba alijijengea kibanda cha darubini, na tangu aipate ile kamera ya rangi, kamera yenyewe ndogo kama kikombe cha kahawa, akawa haonekani tena ndani. Aliichomeka pale ambapo mtu angeweka jicho, ikamchukulia filamu za sayari. Siku nyingine aliifunga kwenye darubini ndogo ya pembeni, ikashika nyota moja na kuiamuru mota iifuate, ili darubini kubwa isiteleze. Akimaliza aliizungushia kitambaa cha kichwani cha hariri isipate unyevu. Kitambaa chenyewe alikuwa amemletea mkewe Zejna kutoka Sarajevo, wakati wa uchumba.

Fahira, jirani yao mjane, hakuacha jambo hilo lipite.

"Zejna! Mke mwenza hajambo?" aliuliza kutoka upande wa pili wa ua.

"Mke mwenza gani?"

"Huyo wa kibandani. Naona anavalishwa hariri. Marehemu wangu mimi hata soksi hakuwahi kuninunulia."

Zejna alicheka, lakini aligeuka kukitazama kibanda. Jioni hiyo walikuwa waende kwa dada yake, kwenye karamu ya mtoto mchanga. Zejna alikuwa ameshavaa. Muris alichungulia mlangoni akasema anga limetulia ajabu, aende tu peke yake, amsalimie shemeji.

Zejna alivua viatu. Adhana ya magharibi ilikuwa ikipanda kutoka bondeni alipolinyakua sufuria la maji yaliyokuwa yakichemka jikoni, akafungua mlango wa nyuma na kuyamwaga chini ya mti wa jozi, bila bismillahi wala nini.

"Anayemtaka amchukue!" alipiga kelele. "Mimi nimechoka naye!"

Mvuke ulipanda kutoka kwenye theluji. Haukutawanyika. Ulisimama kimo cha mtu, kisha ukaelekea kibandani, ilhali hapakuwa na upepo.

Kuanzia hapo Muris akaanza kupungua. Pita ya viazi aliyoipenda, ile ya unga mwembamba uliokunjwa na kuokwa, aliiacha ipoe mezani. Mikono yake ikawa baridi hata akikaa mbele ya jiko la kuni. Nguo zake zikanuka mawaridi, si mabichi, bali kama yaliyochemshwa na sukari yakasahaulika yakaoza. Zejna alizifua kwa sabuni, akazianika juani, na harufu ikarudi nazo ndani.

Kisha, asubuhi moja Zejna akimmiminia kahawa, Muris alisema, "Asante, dada."

Zejna akaishusha birika. "Umeniitaje?"

"Nimekuitaje?"

"Umeniita dada."

Muris alimtazama kwa huruma, kama mtu anayejua habari mbaya ambayo mwenzake hajaambiwa. Zejna aliponyoosha mkono amguse shavu, alirudi nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta. "Usinishike," alinong'ona. "Atakuona."

Mchana huo huo Zejna alikuwa akiosha vyombo. Aliinua macho dirishani akaona paa la kibanda limefunguliwa, na mdomo wa darubini, ambao siku zote ulitazama mbinguni, umeshushwa na kuelekezwa kwake. Akafikiri Muris ameiacha hivyo. Akasogea kwenye jiko. Kule nje mota ikalia, ziii, ndogo kama mbu, na darubini ikageuka. Akarudi kwenye sinki, ikarudi naye. Akachuchumaa chini ya dirisha na sahani ikichuruzika maji mapajani, na akaisikia mota ikihangaika kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama mbwa aliyepoteza harufu, na ndipo alipoelewa kuwa kamera iliyozoea kushika nyota sasa ilikuwa imemshika yeye.

"Muris," aliita kwa sauti ya chini. Mumewe alikuwa amelala kwenye kochi, macho wazi. "Darubini inanitazama."

"Anataka kujua una nini wewe ambacho yeye hana."

"Nani?"

"Polepole, dada. Hapendi ukiniuliza."

Hapo Zejna angeweza kukimbilia kwa Fahira. Hakukimbia. Alivaa koti la mumewe, akavuka theluji hadi kibandani na kusukuma mlango, na harufu ya mawaridi yaliyooza ikampiga usoni hata akashika ukuta, na katika giza la kibanda kile, ambamo kompyuta ilikuwa imezimwa na waya wake umelala sakafuni, kioo kilikuwa kinawaka, na ndani ya kioo alikaa mwanamke, amempa mgongo, akijifunga taratibu kichwani kitambaa cha hariri, kile kile cha Sarajevo, wakati kitambaa chenyewe kilikuwa pale mezani mbele ya Zejna, kimeizunguka kamera.

Mwanamke akageuka. Alikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomuuma Zejna kwanza, kabla ya hofu. Alikuwa mzuri kuliko yeye siku ya arusi yake, na alitabasamu kama mwenye nyumba anayemwona mgeni amekosea mlango.

"Ni wangu," Zejna alisema.

Midomo ile ikacheza bila sauti, lakini Zejna aliisoma vizuri: *Ulisema.*

Bibi Hasnija, mtoa majini, aliletwa kutoka kijiji cha juu kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata, amebeba kijiko kirefu cha chuma na vipande vya madini ya risasi ndani ya soksi. Alimkalisha Muris kwenye kigoda, akamfunika shuka jekundu kichwani, akayeyusha risasi jikoni huku akisoma, kisha akaimwaga kwenye bakuli la maji juu ya utosi wake. Ilipiga kelele kama kitu hai.

"Nani wewe?" aliuliza Hasnija.

Chini ya shuka ikajibu sauti ya kike. "Mkewe."

"Mkewe huyu hapa."

"Huyu alimtoa. Alinimwagia maji ya moto mlangoni kwangu, akanipa mume kuwa fidia. Muulize."

Hasnija akamgeukia Zejna. "Kweli, mwanangu?"

Zejna aliangua kilio. "Nilikasirika, bibi! Nilikuwa naionea wivu kamera, kitu kisicho na roho!"

"Basi lia baadaye. Sasa dai chako."

Zejna alipiga magoti. "Nilimtoa kwa hasira. Namrudisha. Ni mume wangu, na vile alivyo namtaka."

"Na mimi niondoke mikono mitupu?" sauti iliuliza, na vyombo vyote kabatini vikatetemeka.

Zejna hakungoja kuambiwa. Alikimbia kibandani, akaikwapua kamera pamoja na hariri yake, akateremka mteremko mzima akianguka na kuinuka hadi darajani, akaitupa mtoni, palipokuwa na tundu katikati ya barafu. Kule nyumbani, Hasnija alisimulia baadaye, risasi iliyoganda ilipasuka ndani ya maji. Muris akavuta shuka, jasho likimtoka kama mvua.

"Zejna yuko wapi?" aliuliza. "Nina njaa."

Alipona. Kufika majira ya kuchipua mashavu yalikuwa yamejaa. Alirudi kiwandani, akaiuza darubini bila kunung'unika, na hakukumbuka mengi ila kwamba aliugua. Kibandani wakaweka kuku. Fahira alizungumza habari za kuku tu.

Jumapili moja Zejna alikuwa akitandaza unga wa pita mezani, jua likiingia dirishani. Muris alikuwa akimenya viazi, huku akivumisha wimbo mdomoni. Ulikuwa wimbo wa polepole, na Zejna hakuwahi kuusikia.

"Umeutoa wapi huo?"

Muris alicheka. "Si wewe? Ulikuwa ukiniimbia nilipokuwa mgonjwa. Wimbo mzima, mpaka nalala."

Zejna hakuwahi kumwimbia. Siku zile hakuruhusiwa hata kumgusa. Alitazama uso wa mumewe ulivyolainika kwa kumbukumbu ile, na wivu ukampanda, ule ule wa zamani, mkali kama kiungulia. Hata hiki? Hata hiki abaki nacho yule?

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

"Basi niimbie tena."

Zejna alifuta mikono kwenye aproni. Alifungua kinywa aseme koo linamuuma, kwamba siku nyingine, kwani hakujua hata neno moja la wimbo ule.

Wimbo ukatoka. Ulitoka wote, ubeti baada ya ubeti, kwa sauti tamu ambayo Zejna hakuzaliwa nayo, na mikono yake ikapanda yenyewe kichwani ikaanza kujifunga, taratibu, kitambaa ambacho hakikuwapo. Muris alikiweka kisu chini na kufumba macho kwa raha.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, mke wangu. Huo huo."