Amelala, Nimuamshe?

Stara Abdulkadiri alipitiwa na usingizi sokoni Majengo saa nne asubuhi, amekaa juu ya gunia la mchele, mkononi ameshika tochi aliyokuja kununua. Alipozinduka, kijana mrefu wa shati la drafti alikuwa amesimama mbele yake, ameinua boksi la feni kumkinga jua.

"Samahani, dada," alisema kijana. "Hilo gunia limeshauzwa. Mwenyewe anasubiri uamke."

Kweli, mama mmoja alikuwa pembeni na mkokoteni wake, anacheka. Stara aliinuka kwa aibu, akarudisha kichwani mtandio wake wa kijani.

"Nimelala muda gani?"

"Mkono wangu unasema nusu saa. Naitwa Harithi. Duka la vifaa vya umeme ni lile pale."

Ndivyo walivyojuana, mwaka 2004. Haukupita mwezi, wakawa wanapigiana simu kila jioni. Harithi alikuwa mtu wa maswali.

"Hivi hizo kompyuta zako za kazini, hizo seva, zinakuchosha nini, laazizi? Si zinajiendesha?"

"Zingejiendesha ningekuwa mnene. Sikiliza. Vyuo vinatupa orodha za waliochaguliwa, tunaziweka kwenye tovuti. Wanafunzi wanaingia maelfu kwa mpigo. Seva moja haiwezi, kwa hiyo tunazo mbili, na mbele yake kuna mashine ndogo ya kugawa watu: wewe huku, wewe kule. Kila baada ya sekunde chache inaziuliza, 'Upo?' Isiyojibu inahesabiwa imekufa, mwenzake anabeba wote."

"Na wewe ukielemewa, nani anakubeba?"

Stara alicheka, lakini swali lile lilimkaa moyoni. Baba yake alipunguzwa kazi shirika la umma lilipouzwa, na tangu hapo nyumba nzima ya Miyuji ilimtegemea yeye. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na mafundi wawili tu, yeye na Kefa. Bosi wao, Silvano, kila alipoombwa wazime seva moja makusudi, waone kama ya pili itabeba, alijibu, "Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe."

"Kitu usichokijaribu huna," Stara alimwambia Harithi. "Una matumaini tu."

Mambo yakafika kwenye posa. Mshenga alikuwa mjomba wa Harithi, mzee Imrani, mkulima wa Busi. Safari ya kwanza alifika Miyuji, akanywa chai na baba mtu, lakini binti wa kuulizwa kama anakubali hakuwepo. Mashine zilikuwa zimegoma. Mzee aliondoka amenuna.

"Atakuja tena Jumapili," Harithi alisema. "Mjomba hatakuja mara ya tatu, Stara. Nakuomba uwepo."

"Nitakuwepo, mpenzi."

Ijumaa orodha ilitoka. Saa tatu seva ya kwanza ikafa. Mashine ndogo ikawahamishia watu wote kwenye ya pili, nayo ikafa papo hapo, maana programu yake ilikuwa ya zamani na hakuna aliyeruhusiwa kuijaribu. Stara na Kefa hawakuliona tandiko mpaka Jumamosi adhuhuri. Seva ziliporudi, Stara alizima simu, akajinyoosha juu ya maboksi ofisini.

Jumapili alivaa gauni la zambarau lililopigwa pasi mara mbili. Baba yake alikaa barazani na kanzu nyeupe tangu asubuhi. Mshenga hakuja. Simu ya Harithi iliita bila kupokelewa, siku hiyo, Jumatatu na Jumanne. Stara alikuwa amezoea kuchoka, ila uchovu huu haukuwa wa kuondolewa na usingizi.

Jumatano akaenda Majengo.

"Umemwaibisha baba yangu, Harithi."

"Mimi?" Harithi alibamiza droo. "Nilikupigia Jumamosi mchana kukuuliza mjomba aje saa ngapi. Akapokea mwanaume. Akaniambia, 'Amelala, nimuamshe?' Amelala, Stara! Mchana kweupe!"

Stara alitoa simu yake mkobani.

"Huyo ni Kefa. Nikizima simu yangu, anayenipigia anahamia kwake. Akizima yake, wanakuja kwangu. Ndivyo tunavyopokezana kazi."

"Maneno matupu hayavunji mfupa."

"Basi tujaribu." Stara alizima simu yake mbele ya macho ya Harithi, akaiweka juu ya kaunta. "Haya, nipigie."

Harithi alipiga. Ikaita mara moja.

"Haloo, mbukwa!" Ilikuwa sauti ileile, na salamu ya Kigogo. "Simu ya Stara hii. Hayupo, ameenda Majengo kumuuliza bwana mmoja kwa nini anamtesa. Nimpe ujumbe gani?"

Harithi aliitazama simu iliyozimwa, akamtazama Stara.

"Mwambie," alisema polepole, "huyo bwana ni mjinga, na ameshajijua."

Hapohapo akapiga Busi. "Shikamoo, mjomba. Ndiyo, Jumapili. Kosa ni langu, mjomba, si lake." Matusi ya mzee yalisikika mpaka duka la pili.

"Anakuja?" Stara aliuliza.

"Anakuja. Ila mashine zikifa tena?"

"Jana tulizima moja makusudi. Nyingine ikabeba." Stara aliwasha simu, akakaa kwenye kiti cha wateja mlangoni. "Nakupenda, Harithi. Ila nimechoka. Nimechoka sana."

Kabla hajajibiwa alikuwa ameshalala, kichwa kimeegemea fremu ya mlango. Simu yake ikaita. Jina lilikuwa la Silvano. Harithi aliichukua haraka, akaongea kwa sauti ya chini.

"Haloo. Simu ya Stara hii. Amelala." Akasikiliza kidogo. "Hapana, bosi. Simuamshi. Mpigie Kefa."

Jua lilikuwa limeufikia mlango. Harithi akaweka simu chini, akainua boksi la feni.