Siki kwenye Tuta la Mchicha

Kila asubuhi kabla ya shule, Kache alimwagilia mchicha wake nyuma ya nyumba yao kijijini Junju. Alitaka kuupeleka kwenye maonyesho ya shule mwisho wa muhula. Jumatatu akaukuta umelala chini, majani yamebabuka.

"Ni Mumbua, yule jirani yetu!" alimwambia bibi yake. "Hawe, jana nilimwona hapa na kopo. Nyayo zake hizi, kandambili iliyokatika kisigino. Tena aliponiona akacheka! Leo namshtaki kwa mwalimu."

"Alicheka nini?"

"Alicheka tu. Mtu hucheka bure?"

Hawe alichuchumaa, akachota udongo. "Hebu nusa."

Harufu kali ikampanda Kache puani. Ilikuwa siki ya mnazi. Jumamosi baba yake, mgema, alimpa mtungi wa tembo lililochacha akamwage shimoni. Shimo lilikuwa mbali. Alilimwaga tutani, akidhani litarutubisha.

Mumbua alipopita, Hawe akamwita. "Jana ulileta nini, mwanangu?"

"Maji, Hawe. Niliona mchicha unanyauka."

"Mbona ulicheka?" Kache akadakia.

"Ulikuwa na uji kidevuni, mpaka sikioni!"

Kache aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Nilikudhania vibaya." Kisha akauliza, "Hawe, udongo umekufa?"

"Tutaona."

Hawe alijaza udongo wa tutani kwenye makopo mawili. Wa kopo moja aliukaanga kwanza kikaangoni kama njugu, ukapoa. Akamimina siki kidogo kwenye yote, akayafunika kwa kitambaa. Baada ya wiki mbili, udongo uliokaangwa ulinuka siki bado. Ule mwingine ulinukia kama ardhi iliyonyeshewa.

Walipompelekea makopo shuleni, Mwalimu Everlyne alieleza: "Udongoni mna bakteria, viumbe wadogo wasioonekana. Huila asidi ya siki na kuivunja kwa vimeng'enya vilivyo ndani yao. Moto uliwaua wale wa udongo uliokaangwa."

Kache na Mumbua wakapanda upya. Siku ya maonyesho walipeleka mchicha uliostawi, pamoja na makopo yale mawili.

"Nani aliyeharibu mchicha wa kwanza?" mgeni aliuliza baada ya kuelezwa habari za makopo.

Mumbua alimtazama Kache.

"Mimi," Kache akasema.

Njiani kurudi nyumbani, Hawe alimshika Kache bega. "Leo umesema kweli mbele za watu. Siku nyingine, kabla hujamnyooshea mwenzako kidole, nusa kwanza udongo wako."