Mtu wa Sitini na Moja

Saa nne asubuhi, jua likiwaka juu ya mtaa wa Murara, Kambere, fundi wa kompyuta, aliona kwamba ndani ya seva yake mna watu sitini na mmoja. Seva hiyo, kompyuta kuu ya ofisi, hubeba sitini. Kila mtumishi wa shirika lao la maji, popote alipo mjini, huingia humo kwa kompyuta yake na kufanya kazi. Na Kambere ndiye aliyepima, miaka mingi nyuma, kwamba sitini watatosha.

"Papa Kambere," alinong'ona Angèle, karani wa ofisi, "hii jina ya mwisho... si ni Donatille?"

"Donatille alikufaka."

"Njo maana minauliza."

Kambere akalifuta jina. Likarudi. Feni za seva zikaanza kuvuta pumzi kama kifua kilichobanwa, na chumba kikanuka nguo iliyoungua.

Mwaka ule volkano ilipolipuka na mji ukaamriwa kuhama, watumishi wote waliingia kwa mkupuo kuandikisha viti katika malori ya shirika. Kambere alikuwa amepima kwa siku za kawaida. Siku ya kukimbia hakuipima. Seva ilipoelemewa, aliwakata walionyamaza dakika kumi bila kugusa kompyuta zao. Donatille, mtumishi mwenzao, alinyamaza kwa kuwa alikuwa akimbeba mama yake kumtoa nyumbani. Aliporudi kwenye kompyuta, kiti chake kilikuwa cha mwingine. Wakaondoka kwa miguu, wakapumzika bondeni, na mazuku, ile hewa ya sumu itokayo ardhini, ikawalaza hapo hapo. Katika ripoti Kambere aliandika kwamba mashine ilimkata yenyewe.

Leo waasi walikuwa mlangoni mwa mji, malori yakajazwa tena, na Kaswera, mkewe, mtumishi wa shirika katika mtaa wa Ndosho, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa ndani ya seva akitafuta kiti.

"Angalia!" Angèle akashika mdomo.

Jina la Donatille likawa mawili, yakawa manne, yakawa kumi, na kila lilipozuka moja aliye hai alitupwa nje, huku harufu ikizidi kukaba koo na feni zikikoroma kwa sauti ya mwanamke aitaye kutoka shimoni, mpaka Kambere akaliona jina la Kaswera likififia, likazimika.

Angèle alikuwa amekwisha kumwita mzee Havugimana, mwombezi wa parokia. Mzee alipofika aliweka kiganja juu ya seva, akakiondoa upesi.

"Huyu hatafute sala. Anatafuta mutu. Kambere, ulimufanya nini?"

"Miye? Mashini njo ilimukata."

Taa zikafifia. Kwenye kioo cha kompyuta likaandikika neno moja: *Mashine?*

Kambere akaanguka magoti. "Ni miye! Niliona jina yake, nikamukata! Nilijua ni yeye!"

Majina yakatoweka yote. Harufu ikakatika. Mzee akafanya ishara ya msalaba.

"Ametoka," akasema. Angèle akalia na kucheka pamoja.

Simu ikaita. Alikuwa Kaswera.

"Bwana yangu, usiogope, niko mu kamio. Viti vilikuwa vimeisha, lakini kuna mama moja alinishikia kimoja pembeni yake. Anakusalimia sana. Anasema mulitumikaka kazi pamoja."

"Kaswera, shuka! Shuka sasa hivi!"

"Nishuke namna gani? Ananishika mukono." Lori likasikika likinguruma, likaondoka. "Kambere... mbona mukono yake iko baridi hivi?"