Mngurumo wa Pikapu ya Baba

Siku za kuwapelekea wateja vifaranga, Mama na binti yake walitoka asubuhi na pikapu ya marehemu Baba. Waliyapanga maboksi ndani, mengine kwenye kiti, mengine chini karibu na miguu. Walifunga madirisha ili vifaranga wasipigwe na baridi. Kisha binti aliwasha gari, na mtaa mzima ukajua.

Pikapu ile ilinguruma kweli. Baba aliikata sailensa, lile kopo la chini linalopunguza kelele, kwa kuwa alipenda gari lake lisikike. Mwenyewe alikuwa mpole, hasemi mpaka aulizwe. Labda gari lilimsemea.

Zamani Mama aliusikia mngurumo ule tangu kona ya mbali, na moyo wake ukatulia. Sasa Baba hayupo. Lakini binti alipotoka peke yake na kurudi na gari jioni, Mama aliinuka haraka, akidhani ni Baba. Kisha alikumbuka, akaketi.

Siku moja walifika kwa mteja, wakafungua maboksi. Vifaranga wengi walikuwa wamekufa.

"Mama, tunapoteza wateja," alisema binti, ameegemea mlango. "Na kichwa kinanigonga. Kila safari kinauma, nikishuka kinapoa."

"Hujanywa chai."

"Nimekunywa vikombe viwili, Mama."

Mama naye alikuwa na kichefuchefu kila safari, ila alidhani ni majonzi. Majonzi husingiziwa mengi.

Binti alisema ndani ya gari mnanuka moshi, wakaenda kwa fundi wa mabomba ya moshi aliyemfahamu Baba. Watu walimwita Masizi, na ukiuona uso wake huulizi kwa nini. Aliingia chini ya gari, akagonga hapa na pale.

"Vifaranga waliokufa walikaa wapi?" aliuliza kutoka huko chini.

"Chini, karibu na gia," alijibu binti. "Wa kwenye kiti wengi ni wazima."

Masizi alitoka akijifuta mikono.

"Bomba limeoza, limetoboka chini ya miguu yenu. Moshi unaingia kwenye tundu la gia. Ndani ya moshi mna hewa ya sumu, haina rangi wala harufu. Nanyi mmefunga madirisha. Leo vifaranga, kesho dereva."

"Mbona marehemu hakuumwa?" Mama aliuliza.

"Marehemu alibeba magunia huko nyuma, madirisha wazi. Na bomba lilikuwa bado zima, shemeji."

"Basi weka kiraka. Ila sauti uiache."

"Kwa nini?"

Mama alitazama chini. "Ndiyo iliyobaki."

Masizi hakucheka. Alisema kiraka kwenye bati lililooza hakishiki, kitatoboka pembeni. Akaleta sailensa moja inayong'aa.

"Hii inanguruma. Vijana wanaigombania. Nikiifunga na bomba jipya haitavujisha moshi. Lakini kelele zake zitawachosha masikio kutwa, na majirani pia. Tena kelele si nguvu. Mzigo hauwi mwepesi kwa sababu gari linapiga kelele."

Akaonyesha nyingine, haina hata rangi ya kuvutia.

"Hii ni ya aina ile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. Imepimwa kwa injini hii. Bomba lake ni refu, linatoa moshi nyuma kabisa, nje ya bodi. Ni tulivu."

Mama aliishika ile inayong'aa kwa muda mrefu.

"Mama, ukiitaka hiyo, nitaiendesha," alisema binti.

Mama alimtazama. Macho ya binti yalikuwa mekundu, midomo imekauka. Akairudisha ile sailensa mezani.

"Funga ya kiwandani," alisema.

Masizi alibadilisha bomba lote na kuziba tundu la gia kwa mpira. "Acheni dirisha wazi kidogo, hata vifaranga wanahitaji hewa," aliwaambia. "Msiwashe gari ndani ya banda lililofungwa. Kichwa kikiuma, simameni mshuke. Sauti ikibadilika, njooni niangalie."

Safari iliyofuata vifaranga walifika wazima, wa kwenye kiti na wa chini pia. Mteja aliagiza wengine. Binti alishuka akiwa mchangamfu, hakushika kichwa.

Walirudi polepole. Ndani ya gari mlikuwa kimya, jambo ambalo hawakulizoea. Miezi yote walikuwa wakipigiana kelele tu: kata kushoto, simama, angalia mbele.

"Namkumbuka baba yako," Mama alisema, kwa sauti ya chini.

Binti alipunguza mwendo. "Hata mimi, Mama. Nilidhani hutaki kumtaja."

"Nilikuwa namtaja kila safari, mwanangu. Ulikuwa hunisikii."

Binti aliegesha gari pembeni mwa barabara, akazima injini.

"Niambie tena," alisema.