Mapacha wa Mama Noëlla

Alphonsine aliuza maharagi sokoni Bunia. Kila mteja aliyepimiwa aliambiwa kwamba binti yake Noëlla ana lisansi ya ekonomi, yaani shahada ya uchumi ya chuo kikuu. Hata mwenye haraka aliambiwa.

Jioni moja, nyumbani kwao mtaa wa Bigo, Noëlla alimwambia, "Mama, wamenipokea kwa master, masomo yenye kufuata lisansi. Ni ekonomi na informatiki pamoja. Inabaki weye kunibariki. Wanafunga kuandikisha siku ya Ijumaa."

Alphonsine aliweka bakuli chini. "Informatiki? Kama wale wa sekretaria pale sokoni? Wanaandikia watu barua, wanatoa fotokopi, mwavuli juu ya kichwa? Mutoto wangu wa lisansi aende kukaa mule? Hapana!"

Noëlla alijaribu kueleza, mama yake akamkatiza. Machozi yalimlenga.

Jirani yao Bénédicte, mwalimu wa chuo, alikuwa amekuja kuomba makaa ya moto. Akacheka.

"Mama Noëlla, mbele ya kutuma maharagi kule muji wa Ariwara, unafanya nini?"

"Ninapiga simu. Ninauliza bei, mvua, barabara."

"Na juu ya nini bei inapanda kule, huku inashuka?"

"Eh! Hiyo nayo unaniuliza? Barabara ikikatika, maharagi inajaa huku. Kule watu wanaitafuta."

"Basi, hiyo ndiyo ekonomi. Sasa masoko yote ya Ituri, mwaka muzima, utapigia nani?"

"Simu yangu itakufa!"

"Ndipo informatiki inaingia. Wale wa sekretaria wanatumia tu ordinatere, ile kompyuta. Noëlla atajifunza kuiamuru ikusanye bei yote, kisha yeye aeleze sababu. Na haanzi upya. Anajenga juu ya lisansi yake."

Alphonsine akamgeukia binti yake. "Mbona hukunieleza hivyo?"

"Mama, weye uliniacha nimalize?"

Wote watatu wakacheka. Alphonsine akamwekea Noëlla mkono kichwani, akambariki.

Noëlla alipotetea mbele ya walimu kazi yake ya mwisho ya master, juu ya bei ya maharagi, Alphonsine alikaa mbele kabisa na kitenge kipya. Alipiga vigelegele hadi mwalimu mmoja akasahau swali lake.

Leo wanawake wa sokoni hawapakii gari kwa kubahatisha. Wanatazama kwanza bei za Ariwara na Aru katika simu, kwa programu aliyoitengeneza Noëlla. Na mteja akija, Alphonsine humtegea:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimezaa mutoto mumoja, kumbe ni mapacha. Mumoja anauliza sababu, mwenzake anahesabu upesi."

"Nimeshindwa."

"Nipe muji, basi."

"Chukua Ariwara."

"Ah! Ariwara niko nayo hapa kwenye simu," husema Alphonsine. "Ni Noëlla wangu huyo, ekonomi na informatiki. Nipe Kisangani!"