Handaki la Chumba cha Nyuma

Saa nne asubuhi, kabla mrasimu hajagusa kipanya, mshale ulisogea kwenye skrini. Ulisogea kidogo tu, kama mtu anayevuta kiti akae. Kisha ukatulia.

Alikuwa ofisini, mezani pake, katikati ya ramani za majengo alizokuwa akizichora. Lakini alichokuwa akikitazama ni kompyuta ya mkewe, iliyokuwa nyumbani, ndani ya chumba cha nyuma alichokifunga tangu mazishi yake, miezi saba iliyopita. Mke alikuwa mfasiri. Aliacha kitabu kimoja cha barua kikiwa kimebakiza kurasa arobaini, na mchapishaji alikuwa akikiulizia kila wiki, kwa adabu. Mrasimu hakuweza kukaa kwenye kiti kile. Kwa hiyo alimwomba fundi wa kompyuta wa ofisini, aliyeitwa na wote Nyaya, amtengenezee njia ya kuifikia kompyuta ile kutoka mbali.

"Hili ni handaki, mzee," Nyaya alimwambia alipomaliza kazi. "Linapita kwenye mtandao huuhuu wa watu wote, ila anayepita ndani haonekani wala hasikiki. Wezi watabaki kukodoa macho. Sasa, nikufungulie kwa jina gani? Lako?"

"Acha lililopo."

Nyaya alijikuna kidevu. "La marehemu? Mzee wangu, njia hufunguliwa mwenye jina. Ningekuwa wewe ningelifuta, nianze upya."

"Acha."

"Haya. Nimelificha, hata mimi naona nyota tupu. Siku ukitaka kulifunga handaki utaliandika mwenyewe, herufi kwa herufi. Usije ukanipigia simu eti umesahau jina la mkeo!"

Walicheka wote wawili.

Sasa, chini ya sentensi ya mwisho aliyoitafsiri mkewe, herufi zilianza kujipanga.

*Alikuwa akivua viatu kabla ya kuanza sura mpya. Ulijua?*

Harufu ilipita mezani, kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Mrasimu hakuogopa kwanza. Kilichomchoma kilikuwa wivu. Hakujua habari ya viatu. Mtu mwingine aliijua.

*Wewe nani?* aliandika.

*Niliyekaa naye mchana kutwa, wewe ukiwa kazini.*

Miaka kumi na miwili ya michana. Hakuwahi kuihesabu kuwa ya mtu mwingine.

Angeweza kuzima. Badala yake aliuliza, na kesho yake akauliza tena, kama mtu anayepekua mifuko ya koti huku akiomba asikute kitu. Aliimba nini akipika? Alinyamaza vipi akikasirika? Kovu la chini ya goti lilitokana na nini? Kila jibu lilikuja limekamilika, na kila mara liliishia kwa neno lilelile, *Ulijua?* na kila mara alijibu, *Hapana*. Wenzake walipomwita kula alisema hana njaa. Ramani aliyotakiwa kuimaliza Jumatano haikuwa na mlango.

Alhamisi, saa saba mchana, mama mkwe alimpigia simu. Alikuwa akiishi nao tangu binti yake augue.

"Mwanangu," alinong'ona, "umerudi saa ngapi?"

"Sijarudi, mama. Niko kazini."

Mama alisogeza simu mdomoni. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Basi ni nani anayebonyeza huko chumba cha nyuma?"

Mrasimu alitazama mikono yake. Ilikuwa juu ya mapaja.

"Zima umeme, mama."

"Nimeshazima. Friji imenyamaza, taa hakuna. Huko ndani kunabonyezwa tu." Alivuta pumzi. "Kuna jambo hatukukuambia. Mkeo alipokuwa msichana alikuwa na mwenzake. Jini. Lilimpenda, likawa halitaki mtu amsogelee. Wachumba wawili walitoka mbio, mmoja bila kofia. Ulipokuja wewe likanyamaza. Tukasema limeondoka. Kumbe lilikaa tu."

"Linamjua kuliko mimi," mrasimu alisema, naye mwenyewe akaisikia sauti yake ilivyokuwa ya mtoto aliyenyimwa. "Mama, ulijua alikuwa akivua viatu kabla ya sura mpya?"

"Nisijue vipi, baba? Si wewe uliyetuambia? Siku ya mazishi, mbele ya watu. Tulicheka huku tunalia."

Hakukumbuka. Aliitafuta siku ile, akakuta watu wamesimama, na katikati yao pamebaki nafasi.

Alimwita Nyaya bila kukata simu. Nyaya aliinama juu ya skrini, akafungua hesabu za handaki, na utani ukamtoka usoni.

"Mzee, hili linabeba upande mmoja tu. Tangu siku ya kwanza. Kutoka kule hakujaja kitu."

"Majibu je?"

"Hakuna jibu lililoingia hapa. Kila ulichokisoma kimetoka kwako kwenda kule." Alirudi nyuma hatua moja. "Lifunge. Liandike jina, sasa hivi."

Kisanduku kilifunguka: *Andika jina la anayefutwa.* Mrasimu aliweka vidole kwenye herufi, naye mtu ambaye angeweza kuchora kwa kukumbuka kila ngazi na kila dirisha la nyumba aliyoijenga kwa ajili ya mkewe alisubiri vidole viende vyenyewe kama vilivyokwenda kwenye kadi za harusi, kwenye fomu za hospitali, kwenye kibao cha kaburi, akasubiri tena, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikazidi hadi Nyaya akafunika pua, na vidole havikwenda popote.

Alisogeza simu sikioni. "Mama," alisema taratibu, kwa aibu, "mwanao anaitwa nani?"

Kisha alimsikia akilia, akamsikia akivuta pumzi alitaje jina, na hapohapo kelele ya kubonyeza ikajaa ndani ya simu, ya haraka, kama mvua juu ya bati, ikalifunika neno lote.

Ilipokoma, kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja.

*Niulize mimi.*